Ukanda Mwekundu wa Chumba cha Dada

Udongo mweupe ukilowekwa siku mbili hunuka kama mvua ya kwanza iliyofungiwa chunguni. Harufu hiyo iliijaza nyumba yetu, kijijini Nkowe, wiki ile dada yangu Somoe alipokuwa anaolewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilipewa chumba chake nikipake. Ijumaa ndugu wa bwana harusi wangefika kutoka Ruponda, na mama mkwe angeingia kukitazama. Chumba kibaya kingemwaibisha dada kabla hajampikia mtu ugali.

Nakiri, nilikuwa mtoto wa kuhangaika. Niliona aibu kuuliza, kwa hiyo nikapanga mwenyewe kichwani: kuta nyeupe, ukanda mwekundu wa chini unaofika gotini, sakafu ya udongo mweusi. Kipi kitangulie? Sakafu huchelewa kukauka, ingefaa ianze, lakini maji meupe yangeidondokea. Nikaanza na kuta, kutoka juu kwenda chini. Zilipokauka nikavuta kamba ya katani kuzunguka chumba, nikapaka ukanda ulionyooka hata nikaogopa kupumua karibu nao. Jumatano nikasiriba sakafu, nikirudi nyuma kuelekea mlangoni. Nilipotoka nikainua macho: matope yalikuwa yamerukia ukanda pande zote nne, na udongo mwekundu uliobaki haukujaa kata moja.

Alhamisi asubuhi shangazi yangu alinikuta nimesimama mlangoni.

"Mbona umeziba njia, we mwali? Bi harusi ni wewe?"

"Usiingie, shangazi. Nimeharibu."

Akachungulia juu ya bega langu, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Ukanda umeupaka kabla ya sakafu? Ulidhani ni pambo?"

"Si pambo?"

"Ni wa kuficha matope, mwanangu. Kila asiribaye hurusha. Ndiyo maana unangoja mwisho."

Akauongezea maji udongo uliobaki, tukapaka pamoja juu ya madoa. Ukanda ukapauka, na nyuma ya mlango ukapanda juu ya mstari kidole kizima. Usiku ule sikula. Ijumaa mama mkwe alipitisha kiganja ukutani, akainama pale nyuma ya mlango, akautazama ukanda. "Kwangu umepanda zaidi ya hapa," akasema, akaketi mkekani na kumwita Somoe akae karibu naye.

Sasa mimi mwenyewe nimeolewa, nakaa Nachingwea, katika chumba cha matofali na sakafu ya sementi. Mwezi uliopita nilinunua chokaa, na kabla ya kugusa ndoo nikaenda kwa jirani yangu Mmakonde kumwuliza nianzie wapi.

"Sementi hiyo?" akasema. "Anzia unapotaka. Ikidondoka, unafuta kwa tambara."

Nilirudi nyumbani nimefarijika, na nakiri, kama mtu aliyenyang'anywa kazi.