Sauti Yangu Gulioni

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka ndoto ya karibu na kupambazuka: mengine yamefifia, mengine nayaona mpaka leo nikifumba macho. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Shengena ukatua juu ya mashamba ya tangawizi, na sisi tunaoishi huku milimani, juu ya kijiji cha Kisiwani, tulikuwa kama watu walioachwa peke yao duniani, hatuoni bonde wala barabara. Nilikuwa nimeketi jikoni, sufuria ya makande ikitokota taratibu, simu mkononi.

Usicheke nikikuambia kwamba siku hizo nilikuwa kijana. Umri ulikuwa sitini na mitatu, mvi zimejaa kichwani, lakini ile simu ya kupangusa nilikuwa nayo miezi minane tu, na pupa yangu ilikuwa ya msichana aliyepewa kanga yake ya kwanza. Alininunulia binti yangu Namsifu, anayefanya kazi Mwanza, baada ya baba yake kufariki na mimi kubaki na paka kwenye nyumba ya vyumba vinne. Sitaisema vibaya. Iliniletea uso wa mjukuu wangu akiota meno. Ilinirudishia rafiki wa shule niliyedhani amekufa. Hata kwaya ilifaidika, maana mwalimu alirusha sauti ya pili, nami nikaisikiliza nikipalilia, nikafika kanisani ninaijua. Mtu mzima anayekaa peke yake akisikia tu mlio wa ujumbe, moyo wake hufunguka kama mlango.

Na mlango ulio wazi hauchagui wageni.

Asubuhi ile ilikuja picha. Mwanamume amesimama kando ya pikipiki, gunia limefungwa nyuma, naye ameinama kuwasemesha watoto wawili wa shule. Chini yake yaliandikwa maneno kwamba huyo anaiba watoto, kwamba ameonekana huko tambarare na sasa anapanda milimani, na kwamba kila mzazi mwenye huruma awajulishe wenzake. Sikujiuliza nani kaandika. Nilijiambia, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikairusha kwenye kundi la kwaya, nikairusha kwa ukoo, nikairusha kwa wenzangu tunaogawana maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Halafu, kwa kuwa vidole vyangu ni vizito kuandika, nikarekodi kwa sauti yangu mwenyewe: "Jamani, fungieni watoto ndani. Huyo mtu yuko karibu. Vijana msilale."

Nilijisikia vizuri, nisikufiche. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu. Nikafunika makande, nikachukua kikapu, nikateremka gulioni kununua chumvi.

Ukungu ulikuwa haujainuka, kwa hiyo nililisikia gulio kabla ya kuliona. Halikuwa na sauti yake ya kila wiki. Kulikuwa na mvumo wa chini kwa chini kama wa nyuki wanaohama, na katikati ya mvumo ule mwanamke alikuwa akizungumza. "Fungieni watoto ndani," alisema. Akarudia upande mwingine, kisha mwingine tena, nyuma ya migomba: huyo mtu yuko karibu, vijana msilale. Nilisimama kitambo nikijiuliza ni nani, mpaka nikatambua kwamba mwanamke yule ni mimi. Vijana walikuwa wakiifungulia sauti yangu kwenye simu zao, kila mmoja kwa wakati wake, na mimi nilikuwa pale mara tano, mara sita, nikiwahimiza.

Mtu wa kwenye picha alikuwa amekalishwa chini katikati yao. Walimuuliza anatafuta nini, naye alikuwa na kigugumizi. Neno la kwanza halikutoka, na kadiri walivyomfokea ndivyo lilivyozidi kukwama. Watu wakaona ni hatia. Jiwe moja lilikuwa limeshampata juu ya jicho. Nilitaka kuwazuia. Nilifungua mdomo na sikupata hata neno moja, mimi niliyekuwa na maneno mengi asubuhi.

Aliyepita kati yao ni dada yangu mkubwa, Nakijwa, mwenye miaka themanini na zaidi, anayetembelea fimbo, asiye na simu ya aina yoyote. Hakupaza sauti. Alikwenda akaketi kwenye matope kando ya yule mtu, akamshika mkono, akasema, "Anayetaka kumpiga aanze na mimi. Huyu ni mgeni wangu."

Kisha akawaambia vijana wangoje mgeni amalize kusema. Wakangoja. Umande ulidondoka kwenye majani ya migomba, na polepole, neno baada ya neno, ikatoka habari yote. Alikuwa fundi wa vyerehani kutoka Kileo, huko tambarare. Dada alimwita kwa simu ya jirani aje amtengenezee cherehani chake, na watoto wale alikuwa akiwauliza njia. Gunia likafunguliwa: sindano, mikanda, vyuma vidogo vidogo, chupa ya mafuta. Mtu mmoja akaondoka, halafu wawili, na baada ya muda wakabaki wauza mboga tu.

Nilimwosha kidonda nyumbani kwa dada. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba sauti ile ni yangu, nikamwomba msamaha. Aliendelea kufungua skrubu za cherehani. Mwishowe akasema kwa shida, "Mama, nimekusamehe. Ila picha bado inatembea. Kila kijiji nitakachofika, itakuwa imenitangulia."

Dada akanigeukia. Aliniuliza kama nilimwona mtu huyu akiiba. Nikasema sikumwona. Akaniuliza kama namjua mtoto aliyeibiwa. Nikasema simjui.

"Basi, mdogo wangu, uliwapa watu nini?"

Nikakamua kitambaa nilichomwoshea kidonda. Ndipo akasema maneno ambayo hayajanitoka hadi leo: "Kijana akisema jambo, watu humuuliza amelijuaje. Sisi wenye mvi tukisema, watu huokota mawe."

Mjukuu wa dada, Naomi, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyejua la kufanya. Alimrekodi fundi akiwa kazini, nami kando yake nikikiri kwamba nilieneza jambo nisilolijua. Tuliirusha video hiyo kila mahali nilipoirusha ile picha ya kwanza. Wachache wakaipeleka mbele. Wengi wakaiacha hapo hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Habari ya kutisha kila mtu anaibeba, ya mtu mwema haina mchukuzi. Nilisikia baadaye kwamba fundi alitembea mwaka mzima na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji chake mfukoni. Huku kwetu hakupanda tena, na simlaumu.

Sasa nisikilize. Sikuambii uitupe simu. Naomi alijifunzia hesabu humo kwa mwalimu asiyewahi kumwona, na mimi bado namtazama mjukuu wangu akikua. Lakini kila umri una hatari yake. Mtoto mdogo mpe kwanza uso wako na udongo wa kuchezea, kioo cha simu kitamsubiri. Wewe uliye kijana, usiyapime maisha yako kwa picha za watu waliochagua siku yao nzuri, wala usimpige picha mtu usiyemjua ukamwandikia hukumu. Ukiwa mzazi, usimkataze mwanao kitu unachokishika hata ukiwa mezani. Nasi wazee, ambao mtandao umetupunguzia upweke, tukumbuke kwamba watu hutuamini bila kuuliza, na hiyo ni amana. Haraka haraka haina baraka. Kabla hujarusha neno la mtu, jiulize: nimeona? Namjua? Ukikosa jibu, liache lilale. Kunyamaza hakujampasua mtu paji la uso.

Mungu akubariki, mwanangu. Akulinde uendako na akurudishe salama, na popote jina lako litakapotajwa, litajwe kwa heri.