Kona ya Baba Bustanini

Baba yangu alikuwa Mkikuyu aliyevua samaki kwa ndoano mjini Kisumu, na hilo peke yake lilitosha kuniaibisha ujana wangu wote. Kule milimani alikotoka, kabla hajaja kufungua duka la viatu, samaki hawakuliwa. Mama alihama naye hadi ziwani lakini mdomo wake ulibaki nyumbani. Samaki aliwaita nyoka. Sisi watoto tulikula samaki wa ziwani, ngege na omena, kwa majirani, na tukirudi tulinuswa vidole kama wezi.

Baba sijui alipatwa na nini. Mtaa wetu ulikuwa na bustani mbili: ya juu, yenye bembea zilizovunjika, na ya chini, iliyoteremka hadi ziwani. Kila Jumapili baada ya kanisa alishika mwanzi wake na kopo la minyoo, akashuka kwenye ile ya chini akiwa bado na koti na tai. Sasa, Waluo, wenyeji wa pale, wanaojiheshimu huvua kwa mashua na nyavu. Ndoano ya ukingoni ni mchezo wa watoto waliotoroka shule. Hebu mfikirie mzee mzima na tai yake, amekaa kwenye jiwe katikati ya watoto hao, akiwauliza kwa adabu kama wamepata kitu. Wenzangu ofisini walikuwa wakinisubiri Jumatatu: "Babako tumemuona jana. Ameshika nini, homa?" Nilicheka nao. Moyoni nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni alitusimulia sehemu zake kama mtu anayezungumzia mashamba aliyorithi. Kwenye miamba ya kufulia nguo palikuwa pazuri, ila wanawake walipiga kelele. Chini ya mti ulioinamia maji palikuwa na wadogo wengi, wa kurudisha tu. Pale magari yalipooshewa asipelekwe mtu, maji yote ni sabuni. Hakuna aliyemsikiliza, na mimi ndiye niliyesikiliza kidogo zaidi. Bustani ya chini sikuikanyaga siku ya Jumapili, nisije nikapungiwa mkono mbele ya watu.

Kisha ikaja ile miaka ya magugu maji. Ziwa likageuka shamba. Miamba ikafungwa, mti ukafungwa, mashua zikakwama, na harufu ya kuoza ikapanda hadi jikoni kwetu. Watu wote walilalamika isipokuwa baba, kwa kuwa yeye alikuwa amegundua kona. "Mwisho kabisa wa bustani, nyuma ya ua," alituambia, macho yanang'aa. "Kuna maji yanatoka mahali, yanasukuma magugu. Pako wazi kama mlango. Na hakuna mtu! Wamezaliwa hapa hawa, na hawajapaona!" Akaanza kuleta ngege wanene ambao sijawahi kuona sokoni. Yeye alikaangiwa wawili na dada yangu, waliobaki akawagawia majirani, mlango kwa mlango. Walipokea kwa mikono miwili. Walishukuru sana, hata kupita kiasi.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, mwalimu Mluo kutoka upande wa Luanda Kotieno, kwa wavuvi. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake. Mama huyo alikuwa na swali moja, na mchumba wangu, ambaye hajui kufunga mdomo, akaniletea lilivyo: "Mtoto wa nyumba haipiki samaki atalisha kijana yangu nini? Viazi?" Akaongeza kwamba bila mama yake kukubali, hatanioa. Nilitaka kumzaba kofi. Nilimpenda, ndiyo shida.

Ikapangwa mama huyo aje kwetu na shemeji yake, mvuvi aliyeleta samaki Kisumu miaka mingi, watuone ndipo aseme ndiyo au hapana. Mama yangu akataka mbuzi achinjwe. Baba akakataa katakata. "Watakula samaki," alisema. "Samaki wa mkono wangu."

Jumapili hiyo mama alipika huku amejifunga leso puani, mimi nikimwelekeza: kaanga kwanza, nyanya baadaye, na vichwa visiguswe. Wageni wakafika na mchumba wangu. Nikawanawisha, mvuvi akaombea chakula, sinia likafunuliwa. Nyuso zao zikafunguka. Niliona kabisa mabega ya yule mama yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Mama yangu akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango na sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe.

Walikuwa wamekata tonge la kwanza, mikono iko njiani, mvuvi akauliza swali ambalo mvuvi yeyote angeuliza.

"Mzee, ngege kubwa namna hii, na magugu imefunga kila pahali? Sisi huko tunarudi na mashua tupu. Umetoa wapi?"

Baba alikuwa amelingoja swali hilo miaka yote. Aliweka tonge chini. Akaeleza bustani, akaeleza ua, akaeleza maji yanayotoka yakiwa na uvuguvugu na povu kidogo, na jinsi samaki wanavyogombania ndoano pale. "Na hakuna Mluo hata mmoja anapajua!" akamaliza, akicheka.

Mkono wa mvuvi ulisimama. Yule mama aliondoa vidole kwenye samaki polepole. Mchumba wangu alikuwa anaangalia miguu yake. Mimi bado sikuelewa, hadi mvuvi aliposema, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniua:

"Mzee... hiyo maji ni ya choo. Choo ya mtaa yote inatokea hapo. Ndio inasukuma magugu."

Nikawakumbuka majirani, waliozaliwa hapa na kuijua kona hiyo. Baba pia aliwakumbuka, nilimwona. Alikuwa anapita mlango kwa mlango kichwani mwake, kila nyumba, kila asante. Ningekuwa nimeteremka kule hata Jumapili moja, pua yangu ingeniambia, lakini niliona haya kuonekana naye.

"Basi wageni wasile," alisema hatimaye. "Mimi nimewala siku hizi zote na sijafa." Akalivuta sinia kwake, akaanza kula.

Hakumtazama mtu. Alikula tu, na chumba chote kikamsikia anavyotafuna. Nilimchukia. Nasema ukweli, wakati ule nilimchukia, na nikajichukia kwa kuwa binti yake. Yule mama alikuwa ameshashika mkoba wake, anaangalia mlango.

Ndipo mama yangu alipoinuka kwenye kigoda. Aliweka githeri yake chini, akaja kuketi ubavuni mwa baba, akamega samaki. Hakuwahi kuonja samaki maishani. Alitia kipande kizima mdomoni, na miiba yake, akakitafuna kama anavyotafuna mahindi. Mara akakohoa. Macho yakajaa machozi. Akashika koo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamega tena.

"Wewe Mama! Ngoja! Ngege haitafunwi hivyo!" Mama wa mchumba wangu alikuwa ameshauacha mkoba. Alifinyanga tonge kubwa la ugali, akamtia mama mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. "Meza. Usitafune, meza tu." Mama akameza, akaitikia kwa kichwa kwamba mwiba umeshuka. Yule mama akamvuta samaki mbele yake, samaki yule yule, akampasua mgongoni kwa vidole gumba, akatoa uti mzima mzima. Miiba midogo akaichambua mmoja mmoja kwa kucha, nyama akaisukumia upande wa mama.

"Ukikufa na mfupa leo," alimgombeza, "hiyo harusi tutafanya na nani?"

Mvuvi akaguna kukubali. Mchumba wangu akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji mkononi, na hilo ndilo jibu nililokuwa nimekosa usingizi nikilingoja. Nililipokea nikiangalia sakafu, kwa sababu baba alikuwa bado anakula.