Chaneli za Ng'ambo

Mama alipopata kiharusi, Kiswahili kilimtoka chote. Akabaki na Kinyasa chake, nacho alikisema kwa nadra. Nilimchukua kutoka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, nikampandisha kwangu Mbinga, ambako majirani ni Wamatengo, na mume wangu anajua Kinyasa cha kusalimia tu. Daktari alisema azungumzishwe, la sivyo atanyamaza moja kwa moja. Mimi ni mwalimu, mchana kutwa nipo darasani. Niliogopa sana.

Nikanunua king'amuzi cha intaneti ili asikie sauti za watu. Orodha yake ilikuwa na maelfu ya chaneli, nyingi takataka: nyingine zimekufa, nyingine zimerudiwa mara tano, nyingine huwezi kuziwasha mbele ya mzazi. Nikaapa kuisafisha mpaka mwisho. Jumamosi nne mfululizo nilikaa na kompyuta, nikifungua moja moja, nikifuta, nikipanga makundi: habari, ibada, watoto, mapishi. Mume wangu akanitania kwamba sasa nasahihisha madaftari ya dunia nzima. Nchi za nje, Ureno na kwingineko, nilizifuta zote kwa mkupuo. Zikabaki chaneli arobaini, safi, za Kiswahili.

Mama alizitazama siku mbili, kisha akageuzia uso ukutani.

Mdogo wangu alipopanda kutoka ziwani kuja kumwona, alishika rimoti akabonyeza hadi chaneli ya mwisho. "Dada, za ng'ambo ziko wapi?"

"Ng'ambo gani?"

"Malawi. Kwani nyumbani tulikuwa tunasikiliza redio ya wapi?"

Nilijiona mjinga, na hasira zikanipanda. Kule ufukweni redio ya ng'ambo ya ziwa ndiyo ilikuwa ikishika vizuri. Mama alipika akiisikiliza, akijua nani kafiwa na nani kazikwa wapi. Shangazi zake wawili waliolewa huko. Nami, mtoto wa Kinyasa, nimewafuta pamoja na Wareno.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilipakua orodha upya, nikaanza tena. Chaneli za Malawi zilikuwa sita. Nne hazikufunguka, moja ilikuwa ikikwamakwama. Iliyobaki nikaiweka namba moja.

Msomaji wa habari alipoanza Kichewa chake, ambacho Mnyasa hahitaji kutafsiriwa, mama aligeuka. Alisikiliza hadi taarifa ikaisha. Kisha akanitazama, akasema kwa Kinyasa, neno moja moja, "Hawa watu ulikuwa umewaficha wapi?"