Chakula Nilichopeleka Tororo

Kwetu nyumba iliyofiwa haipiki. Mafiga yake yanaachwa yapoe, jivu halizolewi, na mama mwenye msiba anakaa mkekani mpaka watu wamalize kuzika. Wageni wanakula kile ambacho majirani wamepika. Katika kijiji chetu, upande wa Buhehe, majirani hao walikuwa kikundi cha wanawake wasiolipwa na mtu, na mkubwa wao nilikuwa mimi.

Sikupewa ukubwa huo kwa kusoma. Shule nilitoka darasa la pili, baba akasema kujua kuhesabu kuku kunatosha. Nilipewa kwa sababu niliweza kusonga ugali wa watu wa matanga mawili bila donge hata moja, na kwa sababu sikuogopa kumwambia mzee wa ukoo kwamba amekwisha kula na ampishe mwenzake. Mume wangu alikufa mapema kwa ugonjwa wa tumbo. Nikabaki na watoto na kibanda cha chakula pale Busia, karibu na mpaka, ambapo wapagazi na waendesha baiskeli walikula wakisimama. Nyumba yangu ya mabati niliijenga kwa ugali. Hakuna shemeji aliyeleta hata msumari, na nilikuwa nawakumbusha.

Ukaja wakati wa askari kutawala. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, chumvi ikapotea. Aliyekuwa na nguvu alivuka Kenya kwa njia za vichakani kuleta magendo, na wengine hawakurudi. Mimi nilipikia watoto nilichokuwa nacho. Kukosa chumvi hakukunisumbua sana, maana bibi yangu alinifundisha kuchoma maganda ya maharagwe, kuweka jivu lake kwenye kikapu na kulimiminia maji polepole. Maji yanayotoka chini ni ya rangi ya chai. Ukichemshia kunde hapo zinalainika, ukaweka simsim iliyosagwa, na ugali wa muhogo na wimbi pembeni, mtoto hakuulizi chumvi iko wapi. Analamba vidole anakwenda kulala.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa fundi wa magari Tororo. Kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo jina lake ndilo nililoitwa mimi sokoni, kanisani, kila mahali. Alikuja nyumbani kila Jumamosi akinuka oili, na kabla hajasalimu alikuwa amekwisha kufunua chungu. Nilimgombeza kwa hilo kila mara, na kila mara nilikuwa nimemwekea kipande chake kando.

Jumamosi moja hakuja. Jumapili muuza nyanya aliyetoka Tororo alinikuta natoka kanisani, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ukuta. Akaniambia askari walifika gereji jana asubuhi, wakasema kijana wangu ametengeneza lori la magendo, wakamtia kwenye gari. Nikamwuliza kama lilikuwa lori la magendo kweli. Akasema, mama, lori ni lori, na fundi analetewa tu.

Wenye busara waliniambia nisiende. Nilipika usiku ule ule nikaenda asubuhi. Nilipanda lori la mawe, kisha nikatembea, na bakuli langu la bati nimelifunga kitambaa kichwani. Watu wa mjini walinielekeza kwa macho tu, hakuna aliyenyoosha kidole. Ilikuwa nyumba ya kawaida, ya Mhindi aliyefukuzwa nchini, imezungushiwa mabati. Getini alikaa askari mmoja kwenye kiti cha jikoni, bunduki magotini.

"Wewe nataka nini hapa?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Nikamwambia nimeletea mwanangu chakula, nikataja jina. Akasema hapo hakuna mtu wa jina hilo. Nikasimama. Mimi nimezoea kudai watu walionilia chakula wakakimbia, najua kusimama. Akatazama bakuli, akasogeza kitambaa kwa mdomo wa bunduki.

"Hii kitu gani?"

"Ugali na kunde za simsim."

 Kisha akasema, "Acha hapa. Yeye takula. Rudi wiki ingine chukua bakuli."

Neno hilo, yeye takula, nililibeba mpaka nyumbani. Mtu aliyekufa hali chakula. Nilifika nikawaambia watoto kaka yao yuko hai na amepata chakula, wakalala vizuri.

Nilipoamka asubuhi nilisikia kuni zinavunjwa uani kwangu. Nikatoka. Wenzangu wa kikundi walikuwa wamekwisha kuweka mafiga matatu makubwa chini ya ukingo wa paa. Unga ulikuwa pale, kuni, maji, na sufuria kubwa ya mama mmoja Mwislamu wa mjini ambaye mume wake alikuwa na malori. Sufuria hiyo ilikuwa ya pilau za harusi zao, lakini tangu ajiunge nasi ilikwenda kwenye misiba ya Wakristo na Waislamu bila kubagua. Huyo alikuwa rafiki yangu hasa. Habari ya Tororo ilikuwa imewafikia, nao wakafanya tulivyozoea kufanya. Enzi zile mtu akishatiwa kwenye gari lile, watu walihesabu amekufa.

"Mnampikia nani?" nikawauliza.

Rafiki yangu akainuka. "Tunapikia wewe, dada. Wewe kaa."

"Nimefiwa na nani?"

 Mmoja akajaribu kuniita, lakini akaniita kwa jina la mtoto wangu wa pili. Alidhani ananihurumia. Nilimwambia kama hajui jina langu afunge mdomo, na kwamba moto wangu uko ndani, unawaka, na leo mtu hatawasha mwingine kwenye ua huu. Niliyang'oa yale mafiga kwa mikono yangu nikayatupa kwenye migomba.

Nilidhani watachukua vitu vyao waende. Rafiki yangu akabeba unga akaupeleka ndani jikoni kwangu. "Basi pika wewe," akasema. "Sisi wageni. Tutakula."

Nikapika, nikiwasema muda wote, na wao wakakaa uani wakala chakula cha nyumba isiyo na msiba. Kabla ya kuondoka walipatana juu ya bakuli la Tororo. Walisema mtu mmoja hawezi kupika kila wiki na kulisha watoto na kukaa kibandani. Mmoja angetoa simsim, mwingine muhogo, mwingine angebaki na wanangu wadogo siku za safari. Hivyo ndivyo kikundi cha matanga kilivyogeuka kikundi cha mtu mmoja aliye hai.

Wiki iliyofuata askari yule alinirudishia bakuli. Lilikuwa jeupe, limepanguswa kabisa.

"Kijana nakula sana," akasema.

Nikamwambia ndivyo alivyo tangu mtoto.

"Nasema mara ingine weka samaki."

Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa nilivyofurahi. Samaki ndiye chakula chake. Ngege wa kukaushwa kwa moshi, wa mchuzi wa karanga, alikuwa anamla mpaka mifupa ya kichwa. Nilirudi nikawaambia wenzangu, na wale wanawake wazima walipiga vigelegele vya chini chini, mikono midomoni, ili barabarani wasisikie. Rafiki yangu peke yake aliuliza kama kijana ametuma neno jingine lolote. Nikamwambia ametuma neno samaki, anataka neno gani zaidi?  Lakini aliyetafuta samaki alikuwa yeye, kwa lori la mume wake, huko ziwani, siku ambazo hata mafuta ya gari yalikuwa dhahabu.

Basi tukapeleka samaki. Baadaye askari akasema kijana anataka kuku, tukapeleka kuku. Akasema chumvi ni kidogo, nikanunua chumvi ya magendo kwa wavukaji, nikaificha kwenye matiti, nikapita nayo vizuizi vya barabarani. Watoto wangu wengine walikula kunde. Hawakulalamika. Yule msichana wangu wa pili alikuwa anachukua bakuli lililorudi, analinusa, anasema kaka amelishika.

Siku moja nilikuta geti wazi na kiti hakipo. Nyumba tupu, sakafu imemwagwa maji. Nikarudi na chakula changu. Vita vya kuwang'oa askari hao vilikuwa vimekaribia, na baada ya majuma machache serikali ile ikaanguka. Watu wakacheza barabarani Busia. Mimi nilikaa kibandani nikiangalia njia ya Tororo, kwa sababu sasa magereza yalikuwa yamefunguliwa na watu walikuwa wanarudi makwao kwa miguu.

Aliyekuja alikuwa mwingine. Mwanamume wa Nagongera, mwembamba, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Aliulizia nyumba ya mama wa fulani, akataja jina la mwanangu, na watu wakamleta. Nilimpakulia kabla hajaketi. Akasukuma sahani kando, akasema azungumze kwanza.

"Mama, mimi nilikuwa chumba moja na yeye," akasema. "Hakukaa. Walimtoa asubuhi, siku ya nne au ya tano. Hakurudi."

Nikafanya hesabu kichwani, maana kuhesabu nilifundishwa. Nilipofika getini mara ya kwanza alikuwa bado hai. Mara ya pili, siku ya lile bakuli jeupe, alikuwa hayupo.

"Na chakula?"

Akaangalia miguu yake. "Chakula walikula pale getini. Sisi ndani tulikuwa nasikia harufu tu. Tulikuwa nasema, mama ya huyu kijana amekuja."

Sikulia mbele yake. Nikamsogezea sahani, nikamwambia ale. Alikula taratibu, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, nami nikamwongezea na nikamtazama mpaka akamaliza. Akafungiwa na kingine cha njiani. Alipokwenda niliingia jikoni nikachukua maji ya mtungi, nikayamwaga juu ya moto wangu. Mvuke ulijaa nyumba. Watoto walikuja mlangoni, na kwa kuona mafiga yale wakajua, sikuhitaji kuwaambia.

Nilimtuma msichana kwa rafiki yangu na neno moja, alete sufuria. Alikuja na wengine wote nyuma yake. Aliponikuta mkekani hakusema pole. Alivua viatu, akakaa, akaegemeza bega lake kwenye langu, na kwa mara ya kwanza akasema aliyokuwa nayo moyoni.

"Mimi tangu samaki nilijua."

"Mbona ulileta?"

"Wewe ungefanya nini?" akasema. "Ungeacha?"

Hatukuwa na mwili wa kuzika. Kwetu mtu wa namna hiyo anazikiwa mgomba mahali pake, ili ukoo ujue amekwisha na yeye ajue kwao ni wapi. Shemeji zangu walichimba, wakakata mgomba, wakauleta umefungwa shuka. Niliutazama kutoka mkekani. Ulikuwa mfupi, wa urefu wa mvulana wa shule.

"Huyo si mwanangu," nikasema.

Shemeji mkubwa akainama, akanena kwa upole, kwamba ni mgomba tu, shemeji, ni desturi tu, watu wanangoja. Nikamwambia mwanangu alikuwa anainamisha kichwa kupita mlango ule, na kama hawakumbuki, waende waupime. Wanaume walitazamana. Nilijua wananiona nimechanganyikiwa. Wenzangu waliacha kukoroga, miiko mikononi, wakawa wanawatazama wale wanaume nao. Mwishowe shemeji akachukua panga akarudi shambani.

Aliuleta mrefu. Mimi mwenyewe niliinuka, jambo ambalo mfiwa hafanyi, nikaupima mlangoni, nikaufunga shuka upya kuanzia kichwani. Kaburi sasa halikutosha. Ikabidi washuke tena wachimbe upande wa miguu, na nikasimama pale juu ya udongo mpaka walipoweza kumlaza amenyooka.