Tangu Saa Tatu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Voi, nikihamisha uzito mguu hadi mguu. Mbele yangu mama mmoja wa Mwanda alishika fomu ya cheti cha mwanawe, ikingoja muhuri tu. Basi la kurudi milimani huondoka saa saba, na sasa ilikuwa saa sita na nusu.

Karani mwenye tai, aliyeongea Kiingereza hata na kiti chake, alimuuliza amekuja saa ngapi. Mama akajikaza: “I am waiting since three o’clock.”

Sote tulimwelewa: saa tatu asubuhi. Karani alitazama saa ya ukutani, akatabasamu.

“Mama, three o’clock ni saa tisa mchana. Kwa hivyo bado hujafika.”

Watu wakacheka. Mama aligeuka akatutazama mmoja mmoja, kisha akamrudia.

“Kama mimi sijafika, baba, hawa wako nyuma ya nani?”

Muhuri ukagongwa. Jioni nilifungua kitabu changu cha sarufi ya Kiingereza. Wakati uliopo umo, uliopita umo, ujao umo. Wakati wa mtu mwingine haumo.