Kikombe Kidogo

Chuoni, kwenye somo la sumu, nilikaa benchi moja na dada tuliyemwita Rula, kwa sababu kila kipimo kinachoua alikipigia mstari kwa rula, polepole, kama mtu anayefunga bandeji. Chupa yake ya maji aliinusa kabla ya kunywa. Mikono aliiosha mpaka kwenye viwiko, hata siku ambazo hatukugusa kitu zaidi ya daftari. "Rula, hata maji ya bomba huyaamini?" tulimtania, naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaendelea kusugua. Muhula mzima hakuwahi kuuliza swali darasani.

Siku ile mwalimu alikuwa anatuchekesha kwa makosa ya watu majumbani. "Mtu kameza dawa ya wadudu, nyie mnakimbilia maziwa! Sumu nyingine huyeyuka kwenye mafuta. Ukimpa maziwa, umeisukuma mwilini kwa mkono wako mwenyewe." Darasa likaangua kicheko, maana kila mmoja wetu alifundishwa hivyo na mama yake. Rula akaweka kalamu chini, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hata kama ni kikombe kidogo? Kile cha mtoto?"

Mwalimu akafurahi kusikia sauti mpya. "Swali zuri sana. Hata hicho. Andikeni."

Vichwa vyote vikainama. Mimi pia niliandika, na nilipogeuka kumwomba rula nipige mstari, nikamkuta anaitazama mikono yake.