Matairi ya Matope ya Bwana Mugeta

Mimi nauza matairi Mwisenge, hapa Musoma, tangu marehemu baba aniachie duka. Nimeona wanaume wa kila namna wakisimama mbele ya tairi jipya, na wengine nina hakika hawakuuliza maswali mengi hivyo siku wanaoa. Lakini kwa Bwana Mugeta nilikoma.

Mugeta ni mtu wa kawaida kabisa. Nasema hivyo kwa sababu mwenyewe hapendi kusikia. Alianza Mwigobero akianika dagaa za watu, akahamia kwenye mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara wanavyonunua wageni, Mungu akamfungulia, akajenga Kitaji. Makochi yake yana nailoni ya dukani mpaka leo. Ukikaa wakati wa joto unanyanyuka nayo. Rimoti imo ndani ya nailoni. Televisheni bado ina ile karatasi ya kiwandani inayosifu ubora wa picha, nayo imeziba pale wanapoandika dakika za mpira. Tukienda kwake kuangalia mechi, tunajua imeisha tukiona wachezaji wanaondoka.

Halafu akanunua pikapu. Si pikapu ya kubebea mabondo, hapana. Ni zile za Kimarekani zilizoundwa kukimbia jangwani, zenye springi za kuruka korongo na kutua bila dereva kumwaga chai. Aliinunua kwa mhandisi wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Kwa miaka miwili gari lile limekimbia jangwa la mjini humu humu, kutoka Kitaji hadi Mwigobero na kurudi. Likikuta tuta, Mugeta analipanda upande upande, tairi moja moja, kioo kimeshushwa, asikilize kama kuna kitu kimegusa.

Mwezi wa kumi matairi yakawa vipara, kashata, yale meno ya tairi, hazionekani tena. Ndipo akaja kwangu, na shida aliyokuja nayo ilikuwa ya kweli, ndiyo maana sikumfukuza. Mama yake, Mama Eufrasia, anaishi kijijini huko Majita, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bunda Jumamosi moja tu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Atakayechelewa atangoja mwakani. Na kati ya nyumba ya yule mama na barabara kuna mbuga ya udongo mweusi, ambao mvua ikinyesha unalishika tairi kama ugali wa moto unavyoshika kidole.

"Mama Yasmin," akaniambia, "nataka tairi ya kumfikia mama."

Nikamwonyesha ya aina tatu: ya lami, ya njia zote, na ya matope. Nikamshauri achukue ya njia zote, nikadhani tumemaliza. Alikuja siku tisa mfululizo. Aliyapima kwa kamba. Aliyapiga picha akamtumia binamu yake Thadeo, mwalimu wa Butiama, ambaye hana gari ila ana bando. Thadeo akarudisha ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kuhusu ubavu wa tairi, tukausikiliza wote dukani, pamoja na wateja waliokuja kuziba pancha za baiskeli.

"Haya ya njia zote yanapigaga kelele?" akauliza siku ya tisa.

"Kidogo sana."

"Na yale ya matope?"

"Yale yanavuma. Ukiwa kwenye lami watu watakusikia kabla hawajakuona."

Akayachukua ya matope. Nami sikumzuia, maana ndiyo yaliyokuwa na faida kubwa. Nalisema hili mapema ili nisijifanye malaika baadaye.

Fundi wangu, mzee Kudura, akayafunga, maandishi meupe yakiangalia nje kama mteja alivyoagiza. Jumapili yake katekista alikuja pale dukani kuyabariki kwa maji ya baraka, na Mugeta alisubiri kwa adabu mpaka amina, akatoa kitambaa akayafuta. Kisha akauliza kuhusu vile vinywele vya mpira vinavyoota juu ya tairi jipya, vinavyoonyesha kwamba halijatembea.

"Hivi vinakaaga muda gani?"

"Kwenye lami, wiki kadhaa," Kudura akamjibu. "Vikikutana na tope, havifiki jioni."

Mugeta akaviinamia, akavipapasa kwa kidole kimoja. Ningekuwa na akili, kidole kile kingenishtua.

Ijumaa mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumamosi asubuhi akanipitia, akitaka niwepo kumwangalizia upepo wa matairi, safari ya kwanza. Nikakubali kwa kuwa nilitaka kuliona gari lile likifanya kazi walau mara moja. Tulitoka Musoma tukivuma. Watu walikuwa wanageuka barabarani kutuangalia, na sitadanganya, niliona raha.

Tulipofika njia panda ya kwenda kijijini, akasimamisha gari ukingoni mwa lami, akashuka. Mbele yetu ilikuwa mbuga, nyeusi, inameta. Akachuchumaa akaangalia udongo, akaangalia matairi, akarudi kuangalia udongo.

"Ingia, bwana," nikamwambia. "Hili ndilo tope ulilolinunulia matairi."

"Tusubiri jua litoke, tope likauke kidogo."

"Saa ngapi wanafunga kupokea wagonjwa?"

"Saa sita." Ilikuwa saa mbili na nusu. Hapo akatoa simu, na mimi nikimsikia kwa masikio yangu, akampigia Shija, mwendesha bodaboda wa kijijini kwao. "Shija, mchukue mama umlete mpaka lami. Pole pole. Mimi niko hapa na gari."

Nilimtukana. Siandiki nilichosema, mimi ni mtu mzima na nina watoto. Yeye akaingia ndani akafunga kioo.

Tulikaa pale saa mbili. Jua halikutoka. Saa nne na nusu pikipiki ikatokea, tairi la nyuma kipara kabisa, Shija akiisukuma kwa miguu zaidi ya kuiendesha. Walikuwa wameanguka mara mbili. Mama Eufrasia alikuwa na tope kutoka miguuni hadi kiunoni, kitenge chake hakijulikani kilikuwa cha rangi gani. Miguu mitupu. Mkononi amebeba mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, viatu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mugeta yuko wapi?"

"Niko hapa, mama."

Akaisogelea sauti, mikono mbele, ikafikia gari, ikashuka mpaka kwenye tairi. Akalipapasa, vidole vikakutana na vile vinywele. Akatabasamu.

"Mapya! Umeyatunza, mwanangu. Na mimi viatu vyangu hivi hapa, havijagusa tope. Nilikufundishaga vizuri."

Mugeta akamfungulia mlango. Viti vya gari navyo vilikuwa bado na nailoni.

"Hapana," mama akasema. "Nimechafuka. Shija ananitosha, nimeshamzoea."

Tulimbembeleza, akakataa. Tukaongozana mpaka Bunda hivyo hivyo, pikipiki ya kipara mbele, pikapu ya jangwani nyuma imewasha taa zote. Mugeta alilia njia nzima bila sauti. Sikumwonea huruma hata kidogo, kisha nikamwonea.

Tulifika zimebaki dakika ishirini. Mlangoni mwa hospitali kulikuwa na bomba. Mama Eufrasia akanawa miguu, akakaa kwenye ngazi, akafungua mfuko, akaanza kuvaa viatu. Mugeta akapiga magoti kumfungia kamba.

"Unakumbuka," mama akamwambia, "tulikuwaga tunatembea kwenda kanisani mmebeba viatu mkononi? Nilikuwa nawaambia mtavaa tukifika mlangoni."

"Nakumbuka, mama."

"Na tukifika, mlikuwa mnavaa?"

"Tulikuwa tunavaa."

"Haya." Akasimama, akamshika bega. "Leo asubuhi nilikaa nje nasikiliza gari. Nilidhani mlango wako wewe, wa kuyavalia hayo matairi, ni pale kwangu."

Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Nesi akaita jina lake, akaingia.

Nilipotoka baadaye kununua maji, nilimkuta Mugeta kwenye maegesho, amechuchumaa kwenye tairi la mbele. Alikuwa anang'oa vile vinywele kwa kucha, kimoja kimoja, na alikuwa hajamaliza hata robo ya tairi moja. Nikakaa chini karibu naye, mimi niliyemuuzia.

"Acha, bwana Mugeta," nikamwambia. "Kesho unamrudisha mama. Viache, njia itaving'oa yenyewe."